Kipimo Alichokikimbia Eliezeri

Kila homa ilipomtoka, Eliezeri alijiambia kwamba safari hii imekwenda moja kwa moja. Haikwenda. Ilianza mwaka juzi, msimu wa kuchuma kahawa: baridi ya kugonganisha meno, maumivu chini ya kinena yaliyomfanya atafute pa kuegemea kila alipoketi, mkojo unaochoma kama umetiwa pilipili. Alishuka Moshi mjini, akaingia duka la dawa ambako hakuna aliyemjua, akanong'ona shida yake, akapewa vidonge. Akapona. Masika yalipoingia ikarudi, akanunua vilevile. Ikaondoka, ikarudi tena.

Mkewe, Elisifa, hakuambiwa kitu. Yeye, mzee mzima wa kanisa, hapo Machame, angeanzia wapi kusema anaumwa huko? Alihamia chumba walichokiacha watoto, akasingizia kikohozi.

Lakini Elisifa hakuzaliwa jana. Siku alipofua koti la mvua la mumewe, alikuta mfukoni karatasi za vidonge vilivyokwisha. Kesho yake alimfuata bandani, akamkuta anakamua ng'ombe.

"Baba Winfrida, hivi vilikuwa vya nini?"

"Vya kikohozi."

"Nimemwonyesha nesi wa zahanati. Anasema wanapewa wenye shida ya mkojo, na wenye magonjwa ya zinaa." Hakupandisha sauti. "Niambie tu ni nani, nijue."

Eliezeri aliachia kiwele. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo.

"Hakuna mtu, mama. Mungu ni shahidi wangu."

Akamweleza yote, macho yake kwenye ndoo. Elisifa alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema anaamini, wala hakusema haamini.

"Basi twende hospitali," alisema. "Wote wawili. Daktari ndiye atakayesema."

Daktari waliyempata mjini aliitwa Hellen, binti wa rika la Winfrida wao. Aliwaamkia shikamoo, akauliza maswali ambayo Eliezeri hakuwahi kuulizwa dirishani kule dukani, kisha akasema ugonjwa huenda uko kwenye tezi dume.

"Bakteria wakiingia kwenye tezi hiyo wanajificha, mzee. Vidonge vya siku chache vinawapunguza, haviwamalizi."

"Na hao bakteria," Elisifa aliuliza, "ni lazima wawe wametoka nje ya ndoa?"

"Hapana, mama. Ugonjwa ukirudi-rudi hivi, mara nyingi ni bakteria wa utumbo wake mwenyewe. Ila tusibahatishe. Nataka kumpima kwa kidole, njia ya haja kubwa, nikamue tezi taratibu, halafu tuoteshe mkojo maabara tujue ni bakteria gani na dawa gani inawaua. Tufanye na ultrasaundi. Kile kipimo cha damu cha saratani kitasubiri, maana maambukizi peke yake yanaweza kukipandisha tukatishika bure."

Eliezeri alilisikia neno moja tu: saratani. Alisimama, akashika kofia yake.

"Niandikie vidonge, daktari. Mengine nitarudi."

Elisifa alimkuta kwenye benchi la korido.

"Baba yangu mkojo ulimziba," Eliezeri alisema. "Alipelekwa hospitali, hakurudi. Na mimi sitaki kuambiwa nina ugonjwa kama wake."

"Baba mkwe alikunywa mizizi mpaka akashindwa kusimama, ndipo akapelekwa. Hakuna aliyempima mapema. Mpaka leo hatujui kilichomuua." Alikaa karibu naye. "Jibu likiwa baya tutalibeba. Hili la kutojua ndilo lililotaka kutuvunjia nyumba."

Eliezeri aliinuka. Akagonga mlango wa daktari.

"Ukipenda nimwite mwenzangu wa kiume," daktari alisema.

"Hapana, binti yangu. Endelea wewe."

Kilikuwa kipimo cha aibu, na kiliuma kiasi, lakini kiliisha kabla hajamaliza kusali Baba Yetu.

Majibu ya mkojo yalionyesha bakteria wa utumbo, tena waliokwisha kuzoea vile vidonge vya dukani. Ultrasaundi ilionyesha tezi iliyokua kidogo, yenye vijiwe vidogo ndani. Elisifa alimwomba daktari arudie lile neno la utumbo, akalisikiliza vizuri. Usiku ule Eliezeri alilala chumbani kwao.

Dawa mpya ilikuwa ya wiki nyingi. Alipoanza kujisikia nafuu alitaka kuiacha, Elisifa akamkatalia. Miezi baadaye, maambukizi yalipokuwa yametulia, alirudi mwenyewe kwa kipimo cha damu. Kilikuwa kizuri.

"Siwezi kukuahidi kwamba haitarudi," Hellen alimwambia. "Vile vijiwe vinaweza kuwaficha bakteria. Ikirudi, njoo kabla hujameza chochote."

Ilirudi Julai, baridi ilipokaza mlimani. Eliezeri alimwambia mkewe kabla ya chai, wakashuka pamoja, mkojo ukaoteshwa, dawa sahihi ikapatikana, na homa haikupata nafasi ya kumlaza. Jumapili chache baadaye alisimama na kwaya akaimba besi, na mchungaji alipoanza mahubiri, aliketi kwenye benchi gumu la mbao bila kutafuta pa kuegemea.