Brashi Iliyomfaa Marehemu

Asubuhi ile msimamizi alileta brashi mpya ya kusafishia madirisha, akaipitisha mkono kwa mkono kwa wasafishaji juu ya paa la jengo, kama kichanga aliyetoka hospitali. Mpini ulikuwa mrefu kuliko mlango, lakini uzito wake, wacha bwana, ulikuwa wa kijiko. "Hii haichoshi bega," alisema, yeye ambaye bega lake halijawahi kubeba kitu kizito kuliko koti.

Mwanamke waliyemwita Bi Kioo, mwenye ulimi kuliko wote paani, aliigeuzageuza. "Brashi nimeiona. Kamba je?"

Kamba aliyoiulizia ndiyo iliyomwangusha mumewe mwaka jana kutoka ghorofa ya tano. Msibani msimamizi alisema siku ya mtu ikifika imefika. Bi Kioo akasema kamba hukatikia pabovu. Baada ya maziko walipiga fundo pale pabovu na kamba ikarudi kazini, maana kamba haina likizo ya msiba. Na aliyening'inia chini ya fundo hilo sasa alikuwa yeye.

"Kamba ziko njiani," msimamizi alisema.

"Zinakuja kwa magoti?"

Bi Kioo akafunga mkanda kiunoni, akashuka na brashi kwenda kuijaribu.

Ghorofa ya tano alimkuta mumewe, kama kawaida. Tangu azikwe hakukosa kazini hata siku moja. Alikuwa akisimama hewani kando ya kioo ambacho hakuwahi kukimaliza, mikono nyuma, akimkosoa mkewe. Wenzake walimwita Marehemu, naye akaitika. Kazi yenyewe ndiyo iliyomshinda: maiti hana nguvu, brashi za zamani zilimponyoka, na moja nusura impasue msimamizi kichwa. Tangu hapo alikatazwa kugusa vyombo.

"Umeacha povu pale juu, mama watoto."

"Hodari wa kuona povu. Kamba inayooza hukuiona."

"Niliiona. Niliambiwa ziko njiani."

Bi Kioo, kwa kumchokoza tu, akampa brashi. "Haya, shika tuone."

Akashika. Brashi ikatulia mkononi. Marehemu akaichovya kwenye ndoo, akakisugua kile kioo chake cha mwaka jana, na karani aliyekuwa ndani akasimama kutengeneza tai akidhani amewekewa kioo cha kujitazamia. Bi Kioo alifurahi, kusema kweli. Mume anayekaa bure, awe hai awe amekufa, anachosha.

"Sasa nishikie na hii kamba, baba watoto."

Akajaribu. Kamba ikapita katikati ya vidole vyake. Akajaribu tena, kwa mikono miwili.

"Nzito," alisema. "Nisamehe."

Wote wawili wakalitazama fundo.

Msimamizi, aliyekuwa chini akitazama, aliona mfanyakazi asiyetaka kamba, chai wala mshahara. Kabla ya mchana alikuwa ameagiza brashi za kujaza stoo, kwa fungu lililotengwa kununulia kamba. Akamwita Marehemu pembeni, akamwuliza kwa adabu kama huko makaburini wapo wenzake wa fani hii.

"Wapo," Marehemu alisema. "Wa kampuni hii peke yao wanatosha."

"Waambie waje kesho."

Bi Kioo alikuwa ameshashuka chini, amesimama palepale, mkanda bado kiunoni. "Na kamba?"

"Wewe una wasiwasi wa nini, dada yangu?" msimamizi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ajira yako hapa sasa ni ya kudumu. Ukianguka leo, kesho unaripoti kama kawaida."

Alasiri Bi Kioo alipanda tena paani. Akalivuta fundo mara mbili, likashika, akashuka polepole. Alipofika ghorofa ya tano, Marehemu alisogea kidogo, akamwachia nafasi kando yake.