Wimbo wa Fundi Viatu Umechelewa

Ilipotimu saa kumi kasoro dakika tano, Bi Tangazo alizima jokofu lisingurume, akatundika blanketi mlangoni, akafuta maikrofoni kwa kitambaa cha vyombo na kunywa mafunda mawili ya maji. Saa kumi kamili alasiri redio yake ya mtandaoni ilikuwa hewani kutoka chumba cha kupigia pasi, kwa wasikilizaji thelathini na wanne ambao kompyuta iliwahesabu bila kuwajua.

Alikuwa ametangaza treni stesheni kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mazoea yana taabu: nyimbo alizitangaza vilevile. "Wasikilizaji, wimbo wa muuguzi wa zamu ya asubuhi unaingia sasa. Wanaopenda kulia wasogee nyuma ya mstari." Alipiga nyimbo za watu wasiopigwa popote: muuguzi, kinyozi, mwalimu wa hesabu aliyejirekodi bafuni. Sharti lilikuwa moja. Mtunzi atajwe kwanza, wimbo ufuate.

Uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa shemeji yake, fundi viatu, mdogo wa marehemu mumewe. Aliutunga kwa nyundo juu ya soli, na hakuwahi kutunga mwingine.

"Miaka sitini, shemeji, wimbo mmoja tu?" Bi Tangazo humtania.

"Kuku hutaga mengi, shemeji. Tembo huzaa mmoja."

Jumatatu moja ikaja barua kutoka Kampuni ya Muziki. Ilieleza kwamba mashine yao, yenye masikio elfu moja, imeusikia wimbo huo na kuutambua kuwa mali ya Kampuni, hivyo umechukuliwa. Kituo kiombe radhi hewani na kimtaje mtunzi kuwa ni Kampuni. La sivyo, kitafungwa Ijumaa.

Kweli, wimbo haukuwapo. Kwenye kompyuta palibaki kichwa chake, ndani patupu. Haukuwapo hata kwa fundi mwenyewe. Alifungua kinywa, ikatoka hewa. Nyundo yake iligonga soli kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba asiyoijua.

"Wamenimaliza, shemeji. Nilikuwa na mmoja."

"Haujapotea, umechelewa. Tofauti yake naijua. Ndiyo iliyonisomeshea watoto."

Saa kumi akatangaza: "Wimbo wa fundi viatu, uliotungwa na fundi viatu, umechelewa. Mnaombwa kusubiri." Kisha akanyamaza, na redio ikarusha ukimya kwa dakika nne, urefu wa wimbo. Hakuna msikilizaji aliyeondoka. Kesho yake walikuwa sabini, maana foleni huvuta watu hata wasiojua inaelekea wapi.

Siku ya nne, dakika tisa baada ya saa kumi, wimbo ulisikika kwenye kona ya mtaa ukija kwa miguu. Ulikuwa ukichechemea. Wapita njia waliupisha, na mwenye duka akausalimia kwa kuwa walijuana. Ulipofika mlangoni ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kiitikio, na shingoni umefungwa lebo ya Kampuni.

"Pangusa miguu, uingie," alisema Bi Tangazo.

Fundi viatu akaukalisha kwenye kigoda, akainua mguu mmoja mmoja. Mapigo yalikuwa yamelika upande wa kisigino, kama ya mtu anayetembea akiwaza. Akapaka gundi, akagonga misumari midogo saba, na kwenye ule wa saba nyundo ikakumbuka. Akaimba kutoka mwanzo hadi mwisho, hewani. Lebo aliikata kwa kisu cha ngozi, akaikunja na kuisukumiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Ijumaa akaja afisa wa Kampuni na vijana wawili wenye gunia. Alikuwa mtu mpole, kiatu chake cha kulia kimeachama.

"Mama, kwa mujibu wa karatasi wimbo huu ni wetu."

"Kwa mujibu wa karatasi, mwanangu, mimi nimestaafu."

"Na kituo kimefungwa tangu asubuhi."

Wote wawili wakatazama kompyuta. Watu mia mbili na kumi walikuwa wakisikiliza kituo kilichofungwa.

"Mngeomba radhi tu, mama. Neno moja yaishe."

Kwa miaka thelathini na moja Bi Tangazo aliomba radhi kila siku: kwa mvua, kwa reli zilizong'olewa, kwa madereva waliolala, kwa mabehewa ambayo wakubwa walikwisha kuyauza. Hakuwahi kuchelewesha treni hata moja.

"Radhi zimeniishia," alisema. "Nilizimaliza kazini."

Wimbo ukatiwa guniani bila fujo. Fundi viatu akamwita afisa.

"Lete kiatu hicho. Usije ukajikwaa ukauangusha."

Akakishona, akakigonga misumari. Kiatu kiliondoka kikipiga mapigo ya wimbo mtaa mzima, hadi kwenye ngazi za Kampuni, na afisa hakulalamika, kwa kuwa kilimkaa vizuri.

Jumatatu wimbo ulirudi, soli zimelika. Nyuma yake zilifuatana nyimbo nyingine nne ambazo wenyewe hawajulikani, zilizokaa huko muda mrefu mpaka zikasahau beti za mwanzo. Bi Tangazo akaongeza viti.

Mambo yako hivyo mpaka leo. Kwenye daftari la Kampuni wimbo ni wa Kampuni. Mahakama imelisoma daftari hilo na kulikuta limeandikwa vizuri. Kila Ijumaa gunia huja. Kila Jumatatu wimbo hurudi kwa miguu, na fundi viatu huusubiri na misumari saba mdomoni. Kabla ya saa kumi jokofu huzimwa.

"Wasikilizaji," husema Bi Tangazo, "wimbo wa fundi viatu, uliotungwa na fundi viatu, umechelewa kwa dakika tisa. Umeshaonekana kwenye kona."

Huvuta pumzi pale lilipokuwa likikaa lile neno, miaka yote thelathini na moja.

"Hatuombi radhi."