Matairi ya Kumtoa Bibi Harusi

Walisema gari lilikula tairi lake lenyewe.

Nilisikia habari hiyo jikoni mwa kanisa letu, huku ugenini Etobicoke, tukiosha masufuria baada ya ibada. Kwamba kuna gari la kijana wetu, jina halitajwi, lilikuwa limejaa watu, likaingia shimo kwenye barabara kuu ya 401, na tairi likasagwa na bati la gari lenyewe mpaka likapasuka. Mama mmoja akasema si 401, ni Hamilton. Mwingine akasema si tairi, ni gurudumu zima liling'oka likawapita likikimbia mbele yao. Waliopelekwa hospitali walikuwa wawili, kisha wanne, kisha hakuna. Nilijua ni uvumi. Uvumi hubadili nguo kila unapovuka mlango. Lakini kitu kimoja hakikubadilika mdomoni mwa yeyote: rimu zilikuwa kubwa, zinang'aa, na kijana alizichagua kwa macho.

Nilirudi nyumbani nikijiambia niyasahau. Sikuweza. Nilikuwa na kijana, nilikuwa na rimu zimepangwa kwenye kibaraza cha ghorofa yetu, na nilikuwa na harusi inayokuja. Ninayaandika haya kwa akina mama wengine wenye vitu hivyo vitatu kwa pamoja.

Kijana ni mwanangu Yvan, mdogo wa Amandine, binti yangu anayeolewa. Msifikiri ni mhuni. Anafanya kazi kwenye ghala la vyakula, pombe hanywi, na mbio zake si za barabarani. Yeye na rafiki yake Macharia, Mkenya mmoja mpole, huenda kwenye uwanja wa mbio za magari ulio mashariki ya mji. Huko kuna uzio, wanavaa kofia ngumu, wanazunguka kwa zamu, na kila mtu yumo peke yake ndani ya gari lake. Hilo sikulipinga hata siku moja. Heri mtoto akimbie pale ambapo gari la wagonjwa limesimama tayari, kuliko akimbie kwenye njia ya watu.

Kilichoniogopesha ni kwamba gari la uwanjani na gari la familia lilikuwa hilo hilo moja.

Sasa, kwetu Uvira, na huku pia tumelishikilia, bibi harusi hatoki kwa baba yake kama kifurushi. Anatolewa na mashangazi. Wanakaa naye ndani ya gari, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja mbele, na anayeendesha ni kaka yake. Wakitenganishwa naye njiani, hata kwa taa moja nyekundu, watu watasema ameolewa bila wenyewe. Kwa hiyo Yvan ndiye angeendesha. Ndani wangeingia Amandine na gauni lake, shangazi yake mkubwa Épiphanie, na wadogo wawili wa Épiphanie, na kwenye buti sanduku la nguo. Wanawake wa ukoo wa mume wangu, nasema kwa heshima, Mungu hakuwanyima mwili.

Kitenge cha familia kilikuwa cha kijani na rangi ya shaba. Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Yvan alitaka rimu za kwenda nazo uwanjani, Amandine akataka gari lifanane na kitenge kwenye picha, wakakubaliana: rimu za rangi ya shaba. Rangi hiyo ilipatikana kwa inchi kumi na nane tu. Hivyo ndivyo ukubwa wa tairi ulivyochaguliwa nyumbani kwangu: kwa kitambaa.

Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini namba nazisoma. Nilimwomba Yvan anifundishe zile zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, akanifundisha bila kuchoka, yeye kwa Kiingereza chake, mimi nikiuliza kwa Kiswahili changu, ndivyo tunavyoongea siku zote. Matairi ya mwanzo ya gari yalisema 205/55 R16. Namba ya kwanza ni upana, kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa sehemu ya mia ya ule upana. Ya mwisho ni rimu, kwa inchi. Yale mapya yalisema 245/40 R18. Yaani mapana zaidi, ubavu mwembamba, rimu kubwa. Nikauliza kama gurudumu zima, likisimama chini, ni refu kuliko la mwanzo. Akasema kidogo, sentimita mbili. Nikauliza kama linatokeza nje. Akasema kidogo. Nikauliza kama ni kweli amefunga springi fupi ili gari likae chini. Kidogo tu, Mama.

Kidogo mara tatu. Hata chumvi ukiitia kidogo mara tatu, mboga hailiki.

Akaniambia amekwisha kujaribu. Amezunguka uwanja mzima, kwa kasi ambayo sitaki kuijua, na hakuna kilichogusa. Macharia ni shahidi. Nilimwamini, kwa sababu Yvan hasemi uongo. Lakini nikajiuliza: alipojaribu, nani alikuwa amekaa nyuma?

Nikamwambia gari halimtoi bibi harusi mpaka mashangazi wakae ndani nami nione. Alicheka, akadhani nitasahau. Nilimwambia asubuhi akienda kazini, nikamwambia jioni akirudi, nikamwandikia kwenye simu akiwa kazini. Gervais, mume wangu, akanisihi nimwache kijana apumue. Nikamjibu kwamba kupumua ndiko ninakomtakia.

Jumapili iliyotangulia harusi, watu wakiwa bado wanatoka kanisani, niliwaita mashangazi watatu kwenye maegesho. Yvan alikuwa amesimama na Macharia karibu na gari. Lilikuwa limeoshwa, rimu zinawaka juani, na kusema kweli zilikuwa nzuri. Niliona aibu ilivyompanda mwanangu, kwa sababu vijana wenzake walikuwa wanatazama na simu ziko mkononi.

"Mama, si hapa," alisema.

"Hapa hapa."

Épiphanie alilizunguka gari kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kama ninapimwa uzito," alisema, "niambieni nivue viatu."

Akaingia mbele. Wadogo zake wakaingia nyuma, mimi nikabanwa katikati, mahali pa Amandine, na sanduku likatiwa kwenye buti. Gari likashuka. Nililisikia likishuka chini yangu kama kitanda cha zamani. Macharia akachuchumaa nje kutazama gurudumu, kisha akaacha kutabasamu.

Yvan aliendesha polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye lango la maegesho kuna tuta, na baada ya tuta mashimo yaliyoachwa na baridi, kama njia zote za hapa zinavyokuwa mwezi wa nne. Akakata kona tukiwa tunashuka tuta, na gurudumu la nyuma likaingia shimoni. Tulisikia mlio mrefu, wa mtu anayeburuta meza ya chuma kwenye saruji. Halafu ikaja harufu ya mpira. Macharia, aliyekuwa anatufuata kwa miguu, akapiga kiganja kwenye bati tusimame.

Tulishuka. Ndani ya madigadi ya nyuma, lile bati linalofunika gurudumu, pale linapokunjwa, rangi ilikuwa imekwanguka mpaka chuma kikaonekana cheupe. Na begani mwa tairi palikuwa na mkato, mpana kama ukucha wa kidole gumba, mpira umenyanyuka. Na huo ulikuwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikafikiria mwendo wa 401, na binti yangu katikati, na gauni lile.

Yvan alipiga magoti akapitisha kidole mahali pale, akarudia tena. Macharia akaanza kueleza kwamba bati linaweza kukunjwa zaidi, yuko fundi anayelijua jambo hilo. Lakini akaongeza kwamba haya matairi ya uwanjani yanataka joto. Asubuhi za baridi kama hizi yanakuwa magumu kama sahani, hayashiki lami, hivyo hata bati likikunjwa, yeye asingependa shangazi yake mwenyewe abebwe nayo. Aliyasema akimtazama rafiki yake, si mimi, na nilimshukuru kwa hilo.

Yvan akatafuta njia nyingine. Rimu zibaki, alisema, na mashangazi wapande gari lingine, lifuate nyuma. Yeye na Amandine peke yao ni wepesi, hakuna kitakachogusa.

Wadogo wa Épiphanie waliangalia chini.

"Basi niambieni," Épiphanie aliuliza taratibu, "anayeolewa ni Amandine au ni rimu?"

Amandine alikuwa amekwisha kufika, amesimama nyuma yetu. Niliyaona macho yake yakienda kwenye zile rimu za shaba, kisha kwa shangazi zake. Alizitaka zile picha. Sikumlaumu, ni siku yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua, na sikutaka mtu anisikie nusu.

"Yvan," nilisema, "dada yako hataingia kwenye gari hili likiwa hivi. Si na shangazi, si bila shangazi. Ukiliwasha siku ile, nitalala mbele yake, nimevaa kitenge changu cha harusi. Utachagua upite wapi."

Alibaki amepiga magoti. Nilitazamia Kiingereza, na sauti ya juu. Akasema kwa Kiswahili, kizito, cha kutafuta-tafuta, lakini Kiswahili:

"Kule uwanjani niko peke yangu, Mama. Ninyi sikuwafikiria."

"Sasa tufikirie."

Amandine ndiye aliyeuliza kama magurudumu ya zamani bado yapo. Yalikuwepo, kwenye chumba cha kuhifadhia vitu chini ya jengo: matairi ya baridi, ukubwa wa mwanzo, kwenye rimu nyeusi za chuma zisizo na urembo wowote. Akavuta pumzi, akasema yafungwe. Alikwenda kukaa ndani ya gari la Épiphanie, na nilimwacha alie kidogo, kwa sababu kukubali si lazima ufurahi.

Mchana ule ule Yvan na Macharia waliyafunga. Nikawarudisha mashangazi ndani. Épiphanie alisema sasa ameanza kuizoea kazi hii, tumtafutie mshahara. Tuta lile lile, shimo lile lile, kona ile ile. Nilikuwa nimekaa katikati nimefumba macho, nikisikiliza. Hakuna kilichogusa. Nikamwambia Yvan arudie, akarudia bila kubisha, na mara ya tatu alirudia mwenyewe.

Siku ya harusi ilinyesha mvua ya baridi. Watani wa upande wa Brice, bwana harusi, walisema bibi harusi ameletwa na gari lililovaa gambuti. Waache waseme. Mashangazi waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa na Gervais kwenye gari lililofuata nyuma, nikilitazama lile gurudumu la nyuma likiingia mashimoni na kutoka, likiingia na kutoka, mpaka mlangoni mwa kanisa. Amandine alishuka akiwa katikati ya watu wake.

Rimu za shaba Yvan aliziuza. Alikaa na Macharia, safari hii wakiandika kwanza nani atakaa ndani, ndipo wakaandika namba. Akachukua inchi kumi na saba, 225/45, ambayo ikisimama chini ina kimo sawa na ile ya mwanzo. Alinunua seti mbili: moja ina matairi ya barabarani. Seti nyingine ina ya uwanjani. Anaibeba ndani ya gari, anaifunga akifika, anaifungua kabla ya kurudi. Springi akarudisha za kwanza. Ananiambia uwanjani sasa anachelewa kwa sekunde kadhaa. Namwambia pole.

Ya kuepuka ni haya:

Usichague rimu kwa rangi, wala kwa picha.

Usijaribu gari ukiwa peke yako ikiwa litabeba watu watano. Lijaze kwanza, ukate kona, upite tuta.

Usiongeze upana, kimo cha gurudumu na springi fupi kwa pamoja.

Usiende mbali na kimo cha gurudumu la mwanzo. Hata mshale wa kasi utakudanganya.

Usiingie mashimo ya mwezi wa nne na tairi lenye ubavu mwembamba. Rimu hupinda.

Usitumie matairi ya uwanjani asubuhi ya baridi, wala kwenye maji.

Usifunge tairi lisiloweza kubeba uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Usikunje bati ili kuficha ukubwa usiofaa.

Usikaze nati za gurudumu mara moja tu. Endesha kama kilomita mia moja, ukaze tena.

Usitoke uwanjani matairi yakiwa na upepo mdogo wa uwanjani. Pima, jaza, ndipo uingie barabarani.