Ubao wa Primo

Mume wangu Primo hudanganya mahali pamoja tu duniani: kwenye ule ubao wa tarakimu anaomwonyesha binti yetu Nives kila akipita mbele yetu mbioni na pikipiki yake. Tangu Nives avunjike mfupa wa bega, Primo humwongezea sekunde. Anayemfuata akiwa nyuma kwa sekunde moja, yeye huandika mbili, ili mtoto asijiue kwa haraka. Nami nilinyamaza, kwani mzazi ni mzazi.

Jumapili ile kwenye uwanja wa Misano, mbio za mwisho za msimu, sikuweza kukaa. Nilitafuna kipande cha mkate wa piadina nikakitema. Timu moja kubwa ilikuwa imemtuma mtu wake, na neno lake lilikuwa moja: Nives akimaliza katika watatu wa kwanza, mwakani nafasi ni yake. La sivyo, arudi dukani kwa mjomba wake kuuza tairi.

Ulibaki mzunguko mmoja, Nives yuko wa tatu. Primo alikodolea macho skrini.

"Wa nne yuko nyuma kwa sekunde mbili," akasema. "Mbili za kweli."

"Sasa utamwandikia ngapi, muongo wewe?"

"Mbili. Leo simdanganyi, Loredana. Leo ni siku yake."

Akautoa ubao juu ya ukuta wa kando ya njia. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi. Nives akapita amejikunja juu ya tangi, akageuza kichwa kidogo kuusoma, halafu mlio wa injini ukapanda. Mtu mwenye sekunde mbili mfukoni haendeshi hivyo.

Kwenye kona ya mwisho alichelewa kushika breki. Pikipiki ikalala, naye akateleza hadi kwenye kokoto. Akasimama mzima, akabaki anawatazama wenzake wakipita, wa nne, wa tano, wote. Yule mtu wa timu akakunja kiti chake, akaenda kunywa kahawa.

Nives alirudi kwa miguu, vumbi hadi kwenye kope, akamwendea baba yake moja kwa moja.

"Yule wa nne alikuwa ameshanifikia, siyo?"

"Nani? Si niliandika mbili?"

"Baba, acha masihara. Mbili zako ni moja. Siku zote napunguza."

Primo akautazama ubao wake. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza. Nilikuacha tu. Angalau ulikuwa unapata usingizi."

Primo akajaribu kuchomoa ile tarakimu kwenye ubao, vidole vikakataa. Nives alimtazama, kisha akanitazama mimi, nami nikainamisha uso. Hapo ndipo alipoelewa.

"Zilikuwa mbili kweli," akasema.

Akaichomoa tarakimu mwenyewe, akampa baba yake mkononi.

"Siku zote hizo, Baba," akasema, "ukachagua leo."