Keremkerem wa Makomeno

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, miti ilipotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, injinia Gauthier aliketi barazani kwake Makomeno na darubini na daftari lake la ndege. Edith, mfanyakazi wake wa nyumbani, alikuwa akimmiminia chai. Gauthier alikuwa mtu mwaminifu kwa ndege. Asichokiona hakukiandika, na alichokiona hakukificha.

Asubuhi hiyo walitua bustanini keremkerem kumi na watatu, ndege wale wanaochimba mashimo ardhini ili watage humo. Kila mmoja alikuwa na taa ya mchimbaji kwenye paji la uso. Mmoja alikohoa, na Edith akakijua kikohozi. Kisha akaona mguu wa kushoto umekosa kidole.

“Patron, ule ni Chishimba, bwana yangu.”

Gauthier akarekebisha darubini. “Njo yeye. Mukulu ya kushoto, kidole moja haiko.” Akaandika.

Chishimba alifukiwa mwezi wa pili pamoja na wenzake kumi na wawili, katika shimo moja la mgodi karibu na Kambove. Ripoti ya kampuni ilisema shimo lilikuwa tupu, na aliyeitia sahihi ni Gauthier. Hakuna aliyefukuliwa, maana shimo tupu halifukuliwi. Na kwa ukoo wa Chishimba, matanga hayaishi bila maiti. Kwa miezi saba Edith alikuwa akilala sakafuni, nywele zake hazijaguswa na chanuo, kichwa kikimwasha mpaka akakichukia.

“Patron, andika mu karatasi kama alikuwa mule mu shimo. Batanitosha mu matanga, nilale tena mu kitanda.”

“Mama Edith, rapport ilishaka kwisha. Miye naandikaka bandege tu.”

Jumapili alikuja Kangwa, dada wa Chishimba, kuhakikisha. Alimsalimu kaka yake tawini, akaulizwa habari za watoto, akajibu. Halafu akamgeukia wifi yake.

“Ni yeye. Lakini tunazikaka muntu mwenye kulala. Uyu anaruka.”

Lisilo budi hutendwa. Edith alichemsha utomvu wa mtini mpaka ukawa ulimbo, kama alivyofanya utotoni kunasa ndege, akaupaka kwenye tawi. Chishimba aliuona. Alitua palepale.

“Banakusumbua sana?” akauliza.

“Sana, papa.”

“Basi, fanya mbio.”

Akainamisha shingo. Edith aliivunja kwa mikono miwili, kama ya kuku, huku akilia kwa sauti, maana alimpenda.

Chishimba alizikwa ndani ya katoni ya sabuni, na padri akaja, na kwaya ikaimba. Baada ya maziko Kangwa alimwogesha Edith, akamnyoa, akamtandikia kitanda.

Kesho yake Gauthier aliwahesabu ndege mara tatu. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Akaandika: “Walikuwa kumi na watatu. Wamebaki kumi na wawili. Mmoja ameuawa.” Akatia tarehe na sahihi, kisha akamfukuza Edith kazi.

Getini Edith alikutana na wanawake kumi na wawili, nywele zao zimesokotana kama zake za juzi. Aliyetangulia alikuwa na sufuria mkononi.

“Mama, ulimbo inachemukaka muda gani?”

“Nusu saa,” Edith akasema. “Moto kidogo.”

Akawashikia geti wapite.