Mlango wa Kassiani

Kadi zilikuwa nne, na Felista alizipenda kuliko kitu chochote nyumbani kwake Majimoto. Alizibandika ukutani sebuleni kwa uji mzito wa sembe, picha zikitazama watu, maandishi yakitazama udongo. Kusoma hakujua. Ya kwanza tu ndiyo alisomewa na katekista Venant, siku alipoileta kutoka sanduku la posta la parokia: "Shikamoo mama, mimi mzima." Basi, Felista akaona salamu ni zile zile, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Habari zenyewe mwanawe Kassiani alizituma kwa picha.

Na zilikuwa picha kweli, si mchezo. Rangi zimekolea, pembeni ukingo mweupe, kila kitu mahali pake. Kahawa mbivu kiganjani: Kassiani amepata kibarua. Sinia la matunda: anakula vizuri. Twiga wawili: amepata mwenzake. Ya nne ilikuwa mlango mkubwa wa mbao, umechongwa maua, umepigwa misumari ya shaba. Kassiani amejenga! Habari hiyo Felista aliipeleka sokoni na chumvi yake, mpaka wauza mchele wenzake wakambatiza Mama Mlango.

Kumpigia simu haikuwezekana. Simu ya nyumbani ilikuwa ya mumewe, Ubaldo, na Ubaldo hakutaka hata kusikia jina la Kassiani tangu kijana auze maksai wake wawili kwa siri akapanda basi.

Baada ya mlango, mwaka na nusu ulipita bila kadi. Felista akaingiwa na hofu, akamwita Venant atafute anwani nyuma ya zile kadi. Wakazilowanisha kwa maji ya uvuguvugu. Uji ulikuwa umeshika kama saruji. Tatu zikachanika vipande vipande. Mlango ulitoka karibu mzima.

Venant akasoma kimya, halafu akaiinamisha kadi.

"Soma, Katekista, usinifiche. Mimi ndiye nimemzaa."

"'Mama, naumwa, na kazi imekwisha. Nalala nje, barazani, kwenye mlango kama huu. Kadi nimepewa bure na mwenye duka. Nipigie namba hii, nitaitwa.'"

Felista akakaa chini sakafuni. Aibu ilimshika kwanza, kisha uchungu ukaizidi aibu.

"Mwaka na nusu najisifia mlango," alisema, "na mwanangu yuko nje yake."

Venant alikuwa bado anaichunguza kadi. "Tarakimu ziko nane. Mbili za mwisho zimebaki ukutani na uji, hazisomeki. Hapo kuna namba mia moja za kujaribu, Mama Kassiani."

"Anza."

Venant akatoa simu yake. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea mwanamke asiyemjua Kassiani yeyote, akakata simu Felista akiwa bado anamsalimia. Ya tatu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Felista akamwambia aiandike hiyo pembeni, kisha aendelee.