Goti la Mchungaji Ezekiel

Mume wangu Gichuki ni mtu mtaratibu, fundi wa kompyuta, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Lakini Februari ikifika mimi huwa sina mume. Timu ya besiboli ya Nationals inakwenda kambini Florida kujinoa kabla ya msimu, na yeye, akiwa hapa Gaithersburg, Marekani, na theluji mlangoni, anakwenda nayo kwa roho. Mwili anautuma kazini.

Kila jioni anampigia rafiki yake Gregori, Mtanzania anayekaa Adelphi na kutengeneza viyoyozi. Simu wanaiweka sauti ya juu, nami nikiwa nasukuma chapati, nasikia yote.

"Umeona habari za yule mrushaji wa mkono wa kushoto?" Gregori anauliza.

"Nimeona. Ametupa vibaya sana jana. Lakini hawawezi kumshusha timu ya chini, bana! Amemaliza miaka yake mitatu ya kushushwa. Wakimtoa lazima wamtangaze, na timu yoyote ikimtaka inambeba bure."

"Basi watasema anaumwa. Watamweka orodha ya majeruhi."

"Anaumwa nini?"

"Kaka, mrushaji hakosi bega la kuuma."

Wanacheka hadi simu inakwaruza. Hawa ni watu wawili wazima, wana watoto, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa karibu na mchezo huu. Gichuki alikulia Nyandarua akichimba viazi. Gregori alikulia Bukoba. Walikutana kanisani kwetu Adelphi, mmoja akiwa na kofia nyekundu ya Nationals na mwingine akiwa nayo pia, wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana vitani.

Kanisa letu linaabudu saa nane mchana, kwa sababu asubuhi jengo ni la wenyewe, sisi tunapanga. Tuna Wakenya, Watanzania na Wakongo wachache, na tangu mwaka juzi tuna timu ya softiboli, ile besiboli ya mpira mkubwa zaidi, wanaume kwa wanawake, katika ligi ya makanisa. Tunacheza na Wasalvador, Wakorea, Waethiopia na Wamethodisti wa Wheaton. Mwaka jana tulishinda mechi moja, ile ambayo Wamethodisti waliharibikiwa na basi wakakosa kufika. Gregori ndiye kocha. Gichuki ni msaidizi wake, na pia mchezaji, ingawa hilo la pili alikuwa analiamini yeye zaidi kuliko gongo lake la kupigia mpira.

Sasa, majira ya baridi ligi iliomba watu wa kujitolea kuandika kanuni mpya. Hao wawili waliinua mikono kabla swali halijaisha. Walikaa jikoni kwangu wikendi nzima wakinakili kanuni za wakubwa na kuzipunguza zitoshee makanisa. Kila timu iwe na wachezaji kumi na watano tu. Majina yakishapelekwa, hakuna kuongeza mtu. Mtu akiumia, awekwe orodha ya majeruhi na mwingine aingie. Akipona, lazima arudishwe, na mmoja wa wenzake atoke. Atakayetoka atangazwe kwa makanisa mengine kwa siku saba, yakimtaka yamchukue.

"Ni haki kabisa," Gichuki alisema akifunga kompyuta. "Hakuna vile mtu atalalamika."

Majina yetu yalikwenda Ijumaa. Jumamosi tukaenda mazoezini kwenye uwanja wa kaunti, na hapo ndipo Chepkirui alipokuja.

Chepkirui alikuwa mgeni kanisani, muuguzi, ametoka zamu ya usiku na bado amevaa nguo za hospitali. Alikuja tu kumchukua Cherono, dada yake, ambaye ni mchezaji wetu. Alikuwa amesimama maegeshoni mpira ulipopaa juu ya uzio na kumdondokea karibu na miguu. Akauokota. Gregori akampungia mkono, maana yake, usijali, tunakuja kuuchukua. Chepkirui akaurusha kutoka kule kule. Ulipita juu ya uzio, juu ya vichwa vyetu, ukaingia kwenye glavu ya Solomon aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Solomon akaivua glavu na kuanza kujipuliza kiganja.

Wachezaji wote wakageuka kutazama maegeshoni.

"Dada," Gregori akaita kwa sauti nyembamba, "umejifunzia wapi?"

"Raundas," Chepkirui akajibu, ule mchezo wa wasichana wa shule wa kupiga mpira na kukimbia vituo. "Shuleni Kericho. Kwani ninyi mnacheza nini?"

Jioni ile kocha na msaidizi wake walikuwa jikoni kwangu, wamekaa kama watu walioona maji wakati wa ukame na ndoo haina kitako. Nafasi zilikuwa kumi na tano, na watu kumi na watano.

"Lazima mmoja atoke," Gregori alisema.

"Nani?"

Hawakutazamana. Wote walijua ni nani. Mchungaji wetu, Ezekiel, alikuwa anacheza upande wa kulia, kule nyuma, ambako mtu husimamishwa asilete madhara. Lakini mipira ilikuwa inamfuata. Mwaka jana mpira ulimpita akiwa ameinama kusalimiana na mama mmoja kupitia uzio, akimuuliza hali ya mguu wake. Mwingine ulimpita akiwa anaomba.

"Huwezi kumshusha mchungaji," Gichuki alisema. "Umshushe wapi? Kwa Wamethodisti?"

Nikageuza chapati. Kisha nikasikia kiti cha Gregori kikisogea.

"Kaka. Jumapili iliyopita, akipanda madhabahuni. Hukuona kama anachechemea?"

"Anachechemea?"

"Goti. La kulia."

Gichuki akafikiri. Nilimwona akifikiri. "Sasa ukisema hivyo," akasema polepole, "ni kama nimeona."

Kesho yake baada ya ibada walikwenda kumtembelea mchungaji nyumbani, na papai, ndizi na nyuso za huzuni. Mimi nilikataa kwenda. Gichuki alinisimulia baadaye. Walimwambia kwamba wamemwangalia kwa upendo, kwamba goti si la kuchezea, kwamba hata wachezaji wa mamilioni hupumzishwa, na ni heshima. Mchungaji alishika goti, akalibonyeza huku na huku.

"Mmeliona ninyi?" akauliza.

"Tumeliona, Mtumishi," Gregori akasema.

Macho ya mchungaji yakalegea. Alisema tangu afike Marekani hakuna mtu aliyewahi kumtazama kwa makini kiasi hicho. Akawaombea wote wawili kwa kuwawekea mikono vichwani. Gichuki alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya chakula, lakini jina la Chepkirui lilikwishaingia.

Jambo ambalo hao mabingwa wa kanuni hawakulifikiria ni kwamba huyu hakuwa mchezaji wa Nationals. Alikuwa mchungaji, na mchungaji akiumwa, kanisa haliendi kulala.

Jumapili iliyofuata alisimama akatangaza goti lake. Kina mama wakaguna. Mama Eliudi akaleta dawa ya kuchua iliyotoka kwao Kisii. Wakongo wakaanza mkesha. Mnyororo wa maombi ukapangwa, familia kwa familia, na zamu yetu ilipofika, mume wangu ndiye aliyetakiwa kuomba kwa sauti, mchungaji mwenyewe akisikiliza kwenye simu.

Gichuki alifumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Bwana," akasema, "mponye mtumishi wako. Lakini kwa wakati wako, Bwana. Wala usiharakishe."

"Amina," mchungaji akajibu kutoka kwenye simu, akiwa ameguswa sana. Mimi nilitoka nje nikaenda kucheka karibu na mapipa ya taka.

Jumapili ya tatu, katikati ya mahubiri, mchungaji akanyamaza. Akaitazama ngazi ya madhabahu. Akaacha kipaza sauti, akainua mikono, akaruka. Aliruka ngazi zote tatu, akatua kwa miguu miwili, akaanza kukimbia kwenye njia ya katikati, tai ikipeperuka nyuma yake. Vigelegele vilipasua paa. Wazee walicheza. Gregori alikuwa kwenye kinanda, na wimbo wa sifa alioupiga siku ile ulikuwa na uzito wa matanga.

Baada ya ibada mchungaji aliwaita wachezaji wote kwenye ukumbi wa chini. Kumbe majuma yale ya kupumzika, na mguu umewekwa juu ya mto, alikuwa akitazama mechi za kambi ya Florida na kusoma kanuni za ligi yetu. Alikuwa ameziweka kichwani kama Zaburi.

"Kanuni ya saba," akasema akitabasamu. "Aliyepona hurudishwa. Kocha, nimepona."

"Bwana asifiwe," Gregori akasema.

"Na mmoja atatoka. Inanihuzunisha, lakini kanuni ni kanuni. Nani alizitunga?"

Gichuki akainua mkono kidogo.

"Ni kanuni nzuri sana," mchungaji akamwambia, kwa moyo mweupe.

Wakaanza kupima nani atoke. Solomon ndiye mdakaji pekee. Cherono anakimbia kama swala. Chepkirui, hata hakuna aliyemtaja. Kila jina likatajiwa sababu yake ya kubaki, mpaka yakaisha majina ya wengine wote na kila mtu akawa anaangalia sakafu. Gregori akamgusa mume wangu bega, wakatoka hadi koridoni. Huko, mimi nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni na sufuria ya chai mkononi, nilisikia rafiki wa miaka tisa akitumia lugha ya Florida.

"Kaka, klabu imefikia uamuzi mgumu. Tunakushukuru kwa mchango wako."

"Gregori."

"Ningependa ulisikie kutoka kwangu kwanza."

"Gregori, ni mimi!"

"Ndiyo maana naumia," Gregori akasema.

Tulirudi nyumbani kwa barabara ya 270 bila redio. Tulipofika, mtoto wetu Ethan aliuliza baba ana nini. Nikamwambia ameachwa na timu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba hata yeye angemwacha.

Siku saba mume wangu alitangazwa kwa makanisa mengine. Simu alikuwa anaishika hata akiwa msalani. Wasalvador hawakujibu. Wakorea walipiga, wakauliza kwa adabu anapigaje mpira, Gregori akawaambia ukweli, wakashukuru kwa adabu ile ile. Siku ya saba ikapita. Hata Wamethodisti hawakumtaka.

Jumatano iliyofuata nilikuwa na mke wa mchungaji, Mama Vumilia, tukiosha chupa za chai kanisani. Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza kama goti la mchungaji limepona kabisa.

Alifungua maji kwa nguvu kwanza, ili sauti isitoke nje.

"Mama Ethan, goti lile halijawahi kuuma. Lakini wamekuja watu wawili wanaoheshimika, na papai, wanamwambia anachechemea. Akasema labda wao wanaona asichokiona yeye. Kufika Jumatano akawa anachechemea kweli! Nilimnunulia hadi fimbo."

"Sasa amepona nini?"

"Amepona," Mama Vumilia akasema, akipangusa chupa. "Hilo usilitie shaka. Mambo ya kwamba hakuwa anaumwa, hayo ni mengine."

Sikumwambia mume wangu. Alikuwa na yake ya kutosha.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, dhidi ya Wakorea. Gichuki alisema haendi. Nikapakia chapati na kiti chake cha kukunja, nikawasha gari, nikasubiri. Baada ya muda akatoka, amevaa koti la kawaida, si jezi, akakaa bila kufunga mkanda mpaka nilipomkumbusha.

Tulikaa nyuma ya uzio. Mwanzoni alikuwa anatazama magari. Kisha Cherono akafika kituo cha kwanza, na nikamsikia mume wangu akinong'ona, "Aibe. Aibe sasa hivi." Cherono hakuiba kituo cha pili, yaani hakukikimbilia kabla mpira haujapigwa. "Aaah!" Gichuki akajipiga paja. Mtu aliyekaa karibu nasi, Mkorea mzee aliyeletwa na mwanawe, akamuuliza kwa nini amekasirika. Mume wangu akageuza kiti, akaanza kumweleza.

Kufikia katikati ya mechi alikuwa amesimama. Chepkirui alirusha mpira mmoja kutoka nyuma kabisa, mkimbiaji wao akatolewa akiwa bado hatua kadhaa kufika, na Gichuki alipiga ukelele ambao sijausikia tangu Ethan azaliwe. Watu kama kumi walikuwa wamemzunguka, Wakorea kwa Wakenya, wakimuuliza hiki ni nini, kile ni kwa nini. Chapati zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Gregori akawa anajisogeza kwenye uzio.

"Kaka, nimweke nani apige sasa?"

"Muulize msaidizi wako."

"Msaidizi ni wewe. Nilikutoa kwenye wachezaji, si kwenye ukocha."

Gichuki akavuta pumzi. "Muweke Solomon. Lakini usiseme nimesema."

Karibu na mwisho, tukiwa mbele kwa pointi moja, mpira ulipigwa juu sana upande wa kulia. Mchungaji alikuwa kwenye uzio, akimshika mkono mgeni na kumkaribisha ibadani.

"Mchungaji!" tukapiga kelele sote.

Aligeuka, akainua glavu zaidi kwa kujikinga uso kuliko jambo jingine, na mpira ukatua ndani. Sekunde moja nzima Mchungaji Ezekiel alikuwa shujaa. Kisha kwa furaha aliurusha, kwa nguvu zote za mtu aliyeponywa, ukapita juu ya kituo cha tatu, juu ya benchi letu, ukaenda kugonga choo cha plastiki maegeshoni. Wakorea wawili waliokuwa vituoni walikimbia hadi kituo cha nyumbani, pointi mbili. Tukashindwa kwa pointi moja.

Hakuna aliyemlaumu. Mchungaji alikuja akihema, akicheka, akiinua goti juu na kulishusha, ili kila mtu aone.

Njiani kurudi, Gichuki aliendesha polepole. Nilimuuliza kama anataka nimwombe Gregori amrudishe yeye endapo mchezaji mwingine ataumia.

"La," akasema. "Wairimu, unajua mwaka jana, kila mpigaji akiingia, nilikuwa naomba mpira usije kwangu? Msimu mzima. Leo sikuomba hata mara moja. Niliutazama tu."

Jumamosi iliyofuata aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni akipima unga, ananiuliza chapati zinazotosha watu ishirini zinahitaji vikombe vingapi, kwa sababu yule mzee wa Kikorea alikuwa ameahidi kuja na ndugu zake.